Sura ya Tano: Nani Alipe Kilichoharibika kwa Bahati Mbaya

Uharibifu wa bahati mbaya ndani ya nyumba ya kupanga ni ule ambao hakuna aliyeukusudia. Koki iliachwa wazi maji yalipokatika, yakarudi saa nane za usiku. Jiko la mkaa liliingizwa chumbani kwa sababu ya baridi, cheche ikarukia godoro. Upepo wa mvua za kwanza uling'oa bati. Shoti ilizuka darini wakati wenyewe wako kazini. Hakuna mwenye nia mbaya katika matukio haya manne, lakini mbele ya sheria kila moja lina hesabu yake. Ugomvi mwingi kati ya wapangaji na wenye nyumba huanza pale yote yanapotiwa kapu moja.

Mbeya na Iringa ni miji mizuri ya kusomea jambo hili. Yote miwili imekaa juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo kuanzia Juni hadi Agosti moto huingia ndani ya vyumba kwa lazima ya baridi. Mvua zake ni za msimu mmoja mrefu, Novemba hadi Aprili au Mei, na huja na upepo, radi na mara nyingine mawe. Mbeya imejengwa karibu na mahali ambapo bonde la ufa la Rukwa linakutana na la Nyasa, na ardhi yake hutikisika. Juu ya hayo, ni miji ya vyuo. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST) kule Iyunga, wa chuo cha Mkwawa na wa Chuo Kikuu cha Iringa wamejaza vyumba vya mitaani, wengi wakiwa wanapanga kwa mara ya kwanza maishani, wawili au watatu katika geto moja.

Kanuni ya mtaa na kanuni ya sheria

Katika nyumba nyingi za kupanga, iwe Sinde, Ilomba, Kihesa au Mtwivila, kanuni isiyoandikwa ni fupi: aliyekuwamo ndani ndiye mlipaji. Kioo kimepasuka chumbani mwake, basi ni chake. Swichi imeungua ukutani kwake, aiite fundi mwenyewe. Kanuni hii ina wepesi wake, kwa kuwa haihitaji uchunguzi wala shahidi, na kwa vitu vya shilingi elfu chache huenda haina madhara makubwa. Ubaya wake ni kwamba humtafuta aliye karibu badala ya aliyesababisha. Kodi ya majengo inaonyesha tabia hiyohiyo: tangu Agosti 2021 hukatwa kupitia LUKU, na kuanzia Julai 2023 nyumba ya kawaida hukatwa shilingi 1,500 kwa mwezi. Mdaiwa wa kodi hiyo ni mmiliki, lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Asipoikumbushia kwenye hesabu ya pango, imekwenda.

Sheria huuliza swali jingine: je, kulikuwa na uzembe, na ulikuwa wa nani? Swali hilo limo katika Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, ambayo ni Sura ya 113 ya Sheria za Tanzania, na ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Sheria ya kudhibiti kodi ya pango ya mwaka 1984 ilikuwa mlezi wa wapangaji kwa miongo miwili hivi. Ilipofutwa mwaka 2005, Sheria ya Ardhi ndiyo iliyobaki kuwa nguzo ya mahusiano haya. Watu wengi huidhani kuwa sheria ya viwanja na hati tu. Sehemu yake inayohusu upangaji haisomwi, labda kwa sababu iliandikwa Kiingereza, na mkataba wa pango wa Mwanjelwa huandikwa Kiswahili kwenye karatasi moja, au huzungumzwa tu mlangoni.

Mkataba wa mdomo nao ni mkataba. Sheria inaruhusu upangaji wa muda mfupi, yaani usiozidi mwaka mmoja, ufanywe bila maandishi. Wanaolipa kodi ya miezi sita kwa mkono na kupewa ufunguo bila karatasi wamo ndani ya sheria. Tena sheria huwajazia masharti ambayo wao hawakuyataja. Kwa namba za toleo la mwaka 2019, kifungu cha 88 kinataja ahadi zinazohesabiwa kuwa mwenye nyumba amezitoa katika kila upangaji, na cha 89 kinataja za mpangaji.

Mwenye nyumba anahesabiwa ameahidi kwamba nyumba au chumba cha kuishi kinafaa kuishi binadamu siku mpangaji anapoingia, na kwamba kitaendelea kufaa. Akipangisha sehemu tu ya jengo, kama zilivyo nyumba nyingi zenye vyumba vilivyopangana kwenye korido moja, anabaki na jukumu la paa, kuta kuu, mifereji mikuu na sehemu zinazotumiwa na wote. Mpangaji naye anahesabiwa ameahidi kulipa kodi na, muda ukiisha, kuirudisha nyumba katika hali aliyoikuta.

Kisha linakuja neno lililobeba uzito wa sura hii yote. Ahadi hiyo ya kurudisha nyumba katika hali yake ina matundu yaliyowekwa makusudi. Mpangaji halazimiki kutengeneza kilichoharibika kwa uchakavu wa kawaida. Halazimiki pia kama chanzo ni moto, mafuriko, mlipuko au ajali nyingine isiyotokana na uzembe wake, wa wageni wake au wa watu aliowaajiri. Halazimiki kwa uharibifu wa ghasia za kiraia, radi, dhoruba, tetemeko la ardhi, volkano au maafa mengine ya asili. Kenya ina masharti yanayofanana sana na haya katika Sheria yake ya Ardhi ya mwaka 2012.

Ili kuona ukubwa wa hatua hiyo, ni vizuri kukumbuka sheria ilikotoka. Mwaka 1647 mahakama ya Uingereza iliamua kesi ya Paradine dhidi ya Jane. Mpangaji wa shamba alikuwa amefukuzwa na jeshi la Prince Rupert wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, akakosa hata punje ya mavuno, akadaiwa kodi. Mahakama ilisema alipe: aliahidi kulipa, na hakujiwekea udhuru kwenye mkataba. Kwa karne nyingi mpangaji wa Kiingereza aliishi chini ya ukali huo, na sheria ya Kiingereza ilipoingizwa Tanganyika kwa kipimo cha tarehe 22 Julai 1920, fikra zake ziliingia nayo. Kifungu cha 88, ambacho husimamisha kodi nyumba ikiharibiwa na ajali isiyo ya uzembe wa mpangaji, kimeigeuza kanuni hiyo. Leo udhuru huo umeandikwa na sheria yenyewe, hata kama mpangaji hakuukumbuka siku ya kutia saini.

Uzembe ni nini

Uzembe si kutenda kwa makusudi, wala si bahati mbaya tupu. Ni kuacha tahadhari ambayo mtu mwenye akili za kawaida, akiwa mahali palepale, angeichukua. Maneno "mahali palepale" ni ya muhimu. Kuwasha jiko la mkaa barazani Mafiati mwezi Julai si uzembe. Kuliacha linawaka chini ya pazia na kwenda dukani ni uzembe. Kuliingiza chumbani na kufunga madirisha ili kulala na joto ni uzembe wa aina mbaya zaidi, kwa kuwa hewa yake huua kabla moto haujagusa kitu.

Sheria inataja wageni na walioajiriwa, na hapo ndipo wapangaji wengi hushangaa. Dada wa kazi akisahau pasi juu ya kitanda, aliyepanga ndiye anayewajibika kwa mwenye nyumba. Mgeni aliyekuja kulala siku mbili akivunja sinki kwa kulikalia, hali ni hiyohiyo. Mtoto mdogo hawezi kuitwa mzembe, ila mzazi aliyemwachia kiberiti anaweza. Kwa wanafunzi wa geto moja mambo huwa magumu kidogo. Kama waliandika mkataba wote watatu, mwenye nyumba anaweza kuwageukia wote. Kama aliyeandikwa ni mmoja na wenzake "wamejishikiza" tu, ni yeye atakayebeba mzigo, kisha adaiane nao wenyewe kwa wenyewe.

Moto

Moto ndio unaokula nyumba nzima kwa nusu saa, kwa hiyo ndio unaozua madai makubwa. Vyanzo vyake katika nyumba za kupanga za Nyanda za Juu vinajulikana: jiko la mkaa, mshumaa umeme ukikatika, mtungi wa gesi wenye mpira uliochakaa, hita ya kuchovya kwenye ndoo iliyosahauliwa mpaka maji yakauka, ekstensheni moja iliyobebeshwa jiko la umeme, pasi na redio. Katika vyanzo hivyo vyote mpangaji ana la kujibu.

Upande wa pili kuna nyaya. Nyumba nyingi za zamani zilitandazwa nyaya kwa ajili ya taa na redio. Vyumba vikaongezwa uani, kila kimoja kikavutiwa waya kutoka kwenye kile kilichotangulia, na fundi aliyefanya hivyo hakuwa na leseni ya EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji. Wajibu wa TANESCO huishia kwenye mita, na nyaya zinazotoka kwenye mita kuingia vyumbani ni za mwenye nyumba. Shoti ikizuka darini kwenye nyaya ambazo mpangaji hajawahi kuzigusa, nyumba hiyo ilikuwa na kasoro, na ahadi ya kuwa nyumba inafaa kuishi imevunjwa. Hapo mambo hugeuka: mpangaji halipi dari, na anaweza kudai fidia ya godoro, televisheni na vyeti vyake vilivyoungua. Umeme ukija kwa nguvu isiyo ya kawaida na kuunguza vifaa vya mtaa mzima, malalamiko huanzia TANESCO, na yasiposhughulikiwa hupelekwa EWURA. Mwenye nyumba na mpangaji hapo wote ni waathirika, na hawana sababu ya kukabana koo.

Ugumu wa kesi za moto ni kwamba ushahidi huungua pamoja na nyumba. Anayedai ndiye anayethibitisha: ndivyo Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inavyosema. Mwenye nyumba anayetaka kulipwa lazima aonyeshe uzembe. Kuonyesha majivu tu hakutoshi. Lakini sheria hiyohiyo inasema kwamba jambo ambalo liko ndani ya ujuzi wa mtu mmoja pekee, huyo ndiye wa kulieleza. Mpangaji ndiye anayejua aliacha nini kikiwaka. Akikaa kimya, ukimya wake utasomwa. Ndiyo maana taarifa ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ina thamani kubwa kuliko maneno ya majirani. Namba yao ni 114, na hata moto ukiwa umezimwa kwa ndoo na mchanga, inafaa waitwe waone chanzo kabla vifusi havijazolewa. Watu wengi hufanya kinyume. Siku ya pili wameshasafisha, siku ya tatu wanatafuta ushahidi.

Nyumba za korido zina tatizo lake. Dari mara nyingi ni moja juu ya vyumba vyote, na kuta za kugawa vyumba huishia kwenye dari bila kufika kwenye bati. Moto wa chumba cha kwanza hupita juu na kushuka chumba cha tano. Mpangaji wa chumba cha tano hana mkataba na wa chumba cha kwanza, lakini anaweza kumdai kwa uzembe kama mtu yeyote anavyoweza kumdai jirani. Anaweza pia kumuuliza mwenye nyumba kwa nini alijenga vyumba sita chini ya uwazi mmoja, na hilo ni swali la haki ambalo huulizwa mara chache mno.

Maji

Maji hayatishi kama moto, na kwa sababu hiyo huharibu kimyakimya. Mgawo ukiwa wa saa chache, mtu hufungua koki asubuhi, hakuna kitu, husahau kuifunga, huondoka. Maji yakirudi, sebule hugeuka bwawa, zulia huloana, mbao za makabati huvimba. Kwa ghorofa, jipsamu ya wa chini huanguka. Mtu hawezi kulisingizia shirika la maji kwa jambo la namna hii, kwa kuwa anayeishi mahali ambapo maji hukatika anajua yatarudi. Koki iliyoachwa wazi ni uzembe wa mpangaji.

Bomba lililopasuka ndani ya ukuta ni jambo tofauti. Halionekani wala halikaguliki, na uchakavu wake ni wa mwenye nyumba. Isipokuwa kwa sharti moja: mpangaji aliyeona unyevu ukipanda ukutani miezi mitatu, rangi ikibabuka, plasta ikidondoka, na hakumwambia mtu, hawezi kusema uharibifu wote si wake. Kasoro ilikuwa ya nyumba, ila ukubwa wake umetokana na ukimya. Baraza la Ardhi na Nyumba linaweza kuugawa mzigo, na ni busara kwa pande mbili kuugawa wenyewe kabla hawajafika huko.

Tanki la maji juu ya mnara wa mbao linalodondoka na kubomoa choo, mfereji wa barabarani unaomwaga maji uani kwa sababu kiwanja kiko bondeni, shimo la choo linalofurika masika: haya yote ni ya ujenzi, na mpangaji hahusiki. Choo kilichoziba kwa sababu ya nguo au pampasi zilizotupwa humo ni cha aliyetupa. Tatizo la choo cha pamoja ni kwamba hakuna anayekiri, na wenye nyumba wengi hugawanya gharama kwa vyumba vyote. Kisheria msingi wa mgawanyo huo ni dhaifu, lakini kwa nyumba yenye familia sita na choo kimoja haijapatikana njia yenye amani zaidi.

Upepo, mawe, radi na ardhi

Hapa maelezo ni mafupi, maana sheria imeshamaliza kazi. Dhoruba, radi na tetemeko si deni la mpangaji. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipoipiga Kagera na kubomoa nyumba nyingi za Bukoba na vijiji vyake, hakuna mpangaji aliyelazimika kisheria kujenga upya ukuta wa mwenye nyumba. Ndivyo itakavyokuwa pia tetemeko likiipiga Mbeya. Kinachobaki kujadiliwa ni paa. Kenchi zilizofungwa vibaya na mabati membamba yenye misumari michache hung'oka kwa upepo ambao nyumba za jirani zimeustahimili. Mwenye nyumba akidai kwamba ni kazi ya Mungu, jirani zake walioko chini ya upepo uleule ni ushahidi dhidi yake. Mpangaji ambaye vitu vyake vimelowa ana hoja.

Vitu vidogo, na kuishi kama mpangaji

Kioo, kitasa, balbu, swichi, koki inayotonesha, bawaba. Hivi ndivyo huleta maneno ya kila wiki, na kipimo chake kizuri zaidi kilitolewa katika mahakama ya Uingereza mwaka 1953, kwenye kesi ya Warren dhidi ya Keen. Mwenye nyumba alikuwa ametengeneza kuta na dirisha vilivyoharibiwa na unyevu, akamdai mpangaji wa wiki kwa wiki. Akashindwa. Jaji Denning alieleza kwamba mpangaji wa namna hiyo anatakiwa kuitumia nyumba kama mpangaji anavyopaswa: azibue sinki alilolizibisha, arekebishe taa ndogo ikiungua, asafishe, asiharibu kwa makusudi wala kwa uzembe, yeye, familia yake na wageni wake. Nyumba ikichakaa kwa umri wake, hilo si lake. Hukumu hiyo haiyafungi mabaraza ya Tanzania, kwa kuwa ni ya baada ya 1920, lakini hoja yake inaeleweka na yeyote aliyewahi kupanga.

Kwa kipimo hicho, balbu ni ya mpangaji na nyaya ni za mwenye nyumba. Kioo kilichopasuliwa na mpira wa mtoto ni cha mpangaji, na kilichopasuka kwa fremu iliyopinda ni cha nyumba. Kitasa kilichokwama baada ya miaka saba kimechakaa, na kilichovunjwa kwa bisibisi kwa sababu ufunguo umepotea ni cha aliyeupoteza. Rangi iliyofifia ni umri, lakini moshi mweusi wa jiko la mkaa uliotanda jikoni mpaka darini haupiti kirahisi kama uchakavu wa kawaida, isipokuwa kama chumba hicho cha kupikia hakina dirisha wala tundu la moshi. Kuvu nyeusi za kona za vyumba vya baridi zina ubishi wa kudumu: mwenye nyumba husema dirisha halifunguliwi, mpangaji husema ukuta unapitisha maji. Mara nyingi wote wawili wanasema kweli.

Kodi wakati nyumba haikaliki

Sheria ikitaja ajali, haiishii kwenye gharama za fundi. Nyumba au sehemu yake ikiharibiwa na moto, mafuriko au ajali isiyotokana na uzembe wa mpangaji, na ikawa haifai kukaliwa, kodi husimama. Ikiwa sehemu tu haifai, hupungua kwa kadiri ya sehemu hiyo, mpaka itakapotengenezwa. Ikipita miezi sita haijatengenezwa, mpangaji anaweza kuuvunja upangaji kwa notisi ya maandishi ya mwezi mmoja.

Ugumu uko kwenye desturi ya kulipa mbele. Tuseme chumba na sebule Ipogolo kodi yake ni shilingi 60,000 kwa mwezi, na mpangaji amelipa miezi sita, 360,000. Mwezi wa tatu ukiisha, bati linang'oka na nyumba haikaliki mwezi mzima. Hawezi kusimamisha kulipa, kwa kuwa ameshalipa. Kodi iliyosimama kwake ina sura mbili tu: arudishiwe 60,000, au muda wake usogezwe mwezi mmoja mbele. Sebule peke yake ikiwa ndiyo haikaliki, watakubaliana sehemu, pengine nusu. Mwenye nyumba akisema "fedha imeshaliwa", ni jambo la kweli kwa maisha, lakini si jibu la kisheria. Kusogeza muda humgharimu kidogo kuliko kurudisha taslimu, na ndiyo njia ambayo wasuluhishi wengi wa mtaa huianza.

Kwa upande wa pili, mpangaji aliyesababisha moto kwa uzembe wake hana nafuu hiyo. Kodi yake inaendelea kuhesabiwa, na matengenezo juu yake. Hata hivyo mwenye nyumba hapati ruhusa ya kumfungia chumba au kushikilia kitanda chake. Anachopata ni deni, na deni hudaiwa kwenye vyombo vya haki.

Kiasi gani

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, katika kifungu cha 73, inampa aliyeumizwa fidia ya hasara iliyotokana moja kwa moja na kuvunjwa kwa mkataba. Haimpi faida. Mlango wa mbao laini uliotumika miaka kumi hauwezi kudaiwa kwa bei ya mlango mpya wa mninga. Ukuta mmoja ukichafuliwa hauleti haki ya kupaka rangi nyumba nzima ambayo ilikuwa inangoja rangi tangu zamani. Kifungu hichohicho kinamtaka anayedai azingatie njia alizokuwa nazo za kupunguza hasara. Mwenye nyumba aliyeacha bati wazi msimu mzima wa mvua ili "mpangaji aone" hatalipwa kwa dari iliyooza baadaye.

Maandishi ya "mpangaji atalipia uharibifu wowote" yamo katika mikataba mingi ya kununuliwa dukani. Hayapaswi kusomwa kana kwamba ajali isiyo na uzembe imekuwa deni. Na kikiandikwa kiasi cha faini kisichobadilika, kifungu cha 74 kinalirudisha jambo kwenye fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho. Kadirio la fundi mmoja aliyeletwa na upande mmoja halimridhishi mtu. Mafundi wawili, kila upande wake, na risiti za duka la vifaa, huokoa muda.

Siku ya kuingia

Ushahidi wa kesi ya siku ya kutoka hutengenezwa siku ya kuingia. Kabla ya dalali kupokea fedha yake na kuondoka, pande mbili zizunguke nyumba: nyufa, vioo, vitasa, koki, sinki, soketi, madoa ya dari, hali ya rangi. Vyote viandikwe, visainiwe, na picha zipigwe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ujumbe na picha za simu kuwa ushahidi, kwa hiyo taarifa ya WhatsApp kwamba "bomba la bafuni linavuja" ina tarehe na saa yake, na haiwezi kukanushwa kirahisi kama mazungumzo ya ukumbini. Mwenyekiti wa mtaa ni shahidi mzuri wa mkataba, lakini si hakimu. Mkataba wa maandishi unapaswa kulipiwa ushuru wa stempu, vinginevyo unaweza kukataliwa ukiletwa kama ushahidi mpaka ushuru huo ulipwe.

Mwenye nyumba ana haki ya kuingia kukagua kwa wakati unaofaa. Wengi hawaitumii, hasa wanaoishi Dar es Salaam na kumwachia ndugu ufunguo, halafu hushangaa miaka minne baadaye.

Kuhusu bima kuna machache ya kusema. Bima ya moto ya jengo hulinda jengo la mmiliki tu. Vitu vya mpangaji havimo, na vinahitaji bima yake mwenyewe. Kampuni ikimlipa mmiliki, inaweza kumgeukia mpangaji aliyekuwa mzembe na kumdai. Nyumba za vyumba vya mitaani zilizo na bima ya aina yoyote ni chache.

Mlango wa kudai

Migogoro mingi humalizika kwa mwenyekiti wa mtaa au kwa mama mwenye nyumba mwenyewe, aliye mtulivu kuliko mumewe. Ikishindikana, ipo ngazi ya Baraza la Kata. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliliondolea baraza hilo uwezo wa kuamua, likabaki kusuluhisha. Katika migogoro ya ardhi, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hutaka kwanza hati ya Baraza la Kata kwamba usuluhishi umeshindikana. Siku 30 zikipita bila usuluhishi, mdai anaweza kwenda bila hati hiyo. Rufaa hupelekwa Mahakama Kuu, ambayo ina masjala Mbeya na Iringa.

Madai yana ukomo chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89. Anayedai kwa msingi wa mkataba wa pango ana miaka 6 tangu ulipovunjwa. Anayedai kwa uzembe bila mkataba, kama yule wa chumba cha tano aliyeunguliwa na moto wa chumba cha kwanza, ana miaka 3.